Koti la Pini

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku wote ni wazima, na ng'ombe wa mama amezaa. Cheka ukitaka: nimemaliza shule juzi tu, lakini babu yako ni kaka yangu, kwa hiyo mimi ni nyanya yako.

Unauliza kama kweli natembea na koti lenye pini. Ni kweli. Nashona katika butiki ndogo ya Mama Joy hapa Malaba. Koti hilo jeusi la ngozi lilitoka kwenye mitumba likiwa limechanika, limeshikiliwa na pini. Nikazitoa, nikalishona vizuri.

“Dada, umelifanya la mwalimu mkuu!” Mama Joy akashtuka. “Vijana wa muziki wa panki huyavaa na pini zake. Zirudishe!”

Nikafumua, nikazirudisha. Hakuna mteja aliyethubutu kulijaribu, basi Mama Joy akanivisha mimi nipite nalo sokoni.

Mwendesha boda boda mmoja akaegemea baiskeli yake: “Dada, uzi umeisha dukani?”

Mimi, ambaye shuleni niliwajibu walimu nikitazama sakafu, nikamwambia, “Umebaki wa kushona mdomo wako, boss.”

Jioni hiyo wasichana wawili walileta makoti yao tuyapasue.

Babu yako ameagiza nisifike kwake nalo Krismasi. Mwambie nitafika nalo. Ndani ya bahasha hii kuna pini moja. Usimuulize mtu pa kuiweka.

Nyanya yako,
Nafula