Gauni la Kupimia Rangi

Jumanne tarehe 14, saa nne asubuhi, printa yangu ilimtoa marehemu mke wangu kijani kwenye ile picha yetu ya zamani. Kijani, ndugu yangu! Kama kinyonga!

Nikampigia fundi. Eti kifaa cha kupimia rangi ni bei ya pikipiki! Wakubwa wa viwanda hawana haya kabisa.

"Njia ya bure ipo, mzee. Tafuta kitu kilichomo pichani, ulinganishe nacho."

Nikatoa gauni lake kabatini. Nikachapa, nikalinganisha, nikapunguza kijani. Karatasi ya tisa, gauni sawasawa! Nikacheza peke yangu.

Binti yangu akaja kuichukua picha akaitundike kwake.

"Baba, gauni limepauka miaka yote hii. Na wewe umempausha mama!"

Umempausha mama!

Yeye anasema mama yake alikuwa maji ya kunde. Mimi namkumbuka mweusi. Wewe ndiye uliyetupiga picha hiyo: alikuwa rangi gani hasa?