Wifi Kanichoma Sindano ya Mikunjo, Sasa Anamtaka Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla hasira hazijanipasua, maana hapa nyumbani kila nikifungua mdomo naambiwa sina shukrani. Mimi ni mwalimu wa watoto viziwi, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ana saluni ya nywele, nywele tu mshauri, hajasomea udaktari wala uuguzi, ila alihudhuria mafunzo mafupi sijui ya nini akarudi na sindano. Siku moja ananisuka akanishika paji la uso akasema, "Wifi, mikunjo hii inakuzeesha, kaka yangu ataanza kutupa macho pembeni," saluni nzima ikacheka, nami nikacheka huku imeniuma, basi akaniingiza chumba cha nyuma wanakoanika taulo, akatoa kichupa hakina hata lebo, nikamuuliza ni dawa gani, akanijibu, "Ya kulegeza misuli, tulia," akanichoma kwenye paji na shingoni, kisha akanikanda kama anakanda unga.

Baada ya siku chache kope ya kushoto ikashuka, jicho likabaki nusu wazi, na paji likawa gumu kama sahani, na mshauri, kwa lugha ya ishara swali linaulizwa kwa nyusi, sasa nikimuuliza mtoto "umeelewa?" anaona namwambia "umeelewa", ananikodolea macho, na binti mmoja mdogo alinisogelea akanisukuma nyusi juu kwa vidole vyake, nikatoka nje nikalia. Wifi anasema, "Njoo nikuongeze upande wa pili, macho yalingane." Mume wangu anasema nisimwaibishe dada yake. Tangu jana maji yananipalia kila nikinywa, na sauti imebadilika, na kibaya zaidi wiki ijayo wifi anataka kumchoma mama mkwe, ambaye ana ugonjwa wa misuli kulegea na anatumia dawa. Nikisema, nitaonekana namwonea wivu mtoto wake. Nifanyeje?

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, barua yako sikuimaliza kwa mara moja. Nilipofika kwenye maji yanakupalia nikachukua simu nikakupigia kwa namba uliyoandika. Wasomaji, sauti yake ilikuwa inatokea puani, na bado mwalimu huyu aliniuliza, "Kwani haiwezi kusubiri mpaka mume wangu arudi?" Isubiri nini? Nikamwambia amwite jirani yake, waende hospitali saa ileile.

Walimlaza. Daktari alisema dawa ilikuwa imesambaa kutoka ilipochomwa, ikifika kwenye misuli ya kupumua ni hatari. Akauliza ilikuwa dawa gani, na kiasi gani. Hakuna aliyejua. Wifi alipopigiwa, akakata simu! Mwenye sindano alikuwa na mdomo wa kucheka paji la mwenzake, lakini wa kumjibu daktari hakuwa nao.

Sasa umerudi nyumbani na umeniruhusu nichapishe, kwa hiyo sikiliza. Umeponea chupuchupu. Kope itapanda taratibu dawa ikiisha nguvu, pengine wiki, pengine miezi. Kuongezewa "yalingane" ni wazimu, usikubali. Mweleze mkuu wa shule ukweli, akupe mwenzako wa kusaidiana naye darasani kwa sasa. Kwenda saluni si dhambi, na kutaka kupendeza si dhambi. Ila wasomaji, mkiuliza "dawa gani" mkajibiwa "tulia", hapo ndipo mnapotakiwa kuinuka kwenye kiti.

Hata kwa daktari aliyesomea, sindano hii inaweza kuleta maumivu ya kichwa au kope kushuka. Ndiyo maana anakuuliza kwanza magonjwa yako, dawa unazotumia, kama una mimba, na anakufungulia chupa yenye lebo mbele yako. Ukichomwa kisha ukashindwa kumeza, kusema au kupumua vizuri, ukaona vitu viwili viwili au ukaishiwa nguvu, hata kama siku zimepita, kimbilia hospitali.

Na wewe mume, aibu gani unayoilinda? Mkeo alikuwa anapaliwa na maji!

Mwalimu, nenda kwa mama mkwe leo, si kesho. Mwambie kwa ugonjwa wake sindano hiyo ni hatari maradufu, amuulize daktari wake. Kisha karipoti kile chumba cha nyuma kwa maofisa wa afya. Watakuita mbaya wa familia, waache waite. Mama mkwe akiwa hai na anapumua, atakuwa na muda wa kutosha wa kuamua mbaya ni nani.