Kilio cha Kwanza Kibirizi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama. Hapa Ujiji tu wazima. Mjomba wako amemwoza bintiye, na dagaa wameanza kuonekana tena.

Umeniuliza kama uone haya kwa kuwa serikali imekupeleka kusomea ukunga katika chuo binafsi. Nami nilipelekwa hivyohivyo. Vyuo vya serikali vilikuwa vimejaa, serikali ikakubaliana na masista wa misheni watupokee chuoni kwao. Nikaingia kwao na ushungi wangu, nikiwa na woga.

Mwaka ule wakimbizi walikuwa wakivuka ziwa kutoka Burundi. Sista aliyetufundisha akatupeleka ufuoni Kibirizi kusaidia. Mama mmoja alishuka mtumbwini akiwa na uchungu, akajifungulia palepale mchangani, mikononi mwangu. Mtoto hakulia. Nikaganda.

"Mpanguse mgongo, kwa nguvu," Sista akasema. "Unajua. Nimekufundisha."

Nikampangusa kwa kanga, nikampulizia pumzi mdomoni kidogo kidogo. Ghafla akalia, Zuhura! Wavuvi, wapagazi, watu walioacha kila kitu ng'ambo, wote wakasimama kumsikiliza kiumbe yule. Mama yake akacheka huku machozi yakimtoka. "Urakoze," akaniambia kwa Kirundi, asante, akaushika mkono wangu akaubusu.

Hakuna aliyeniuliza nimesomea chuo cha nani. Mpaka leo nikikumbuka, mwili hunisisimka.

Nenda kasome, mama. Siku yako ikifika, utashangaa kuona mikono yako inajua.

Mungu akutangulie,
Bibi yako