Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina la kazini: Bi Birika. Umri: miaka 54. Kazi: mpika chai, ukumbi wa mikutano. Makazi: nyumba za wafanyakazi, chumba namba 9.
Yameanza kuandikwa tarehe 14, saa 5:20 asubuhi.

Natamka kwa akili timamu, mbele ya dola na muhuri wake, kwamba jikoni kwetu kuna vikombe arobaini na kimoja. Arobaini ni vya watu. Kimoja kimefungwa uzi mwekundu.

Nilifika hapa leo saa 1:30 asubuhi kuwaambia kuwa mkalimani mliyemfunga hakumuua balozi wake. Nikaambiwa nikae kwenye benchi, mambo ya wageni hayana haraka.

Wageni hawa walitoka nyota nyingine kuja kutia saini mkataba wa amani. Hawana midomo; sauti yao hutoka kifuani, na hunywa kwa kuchovya vidole. Mnamo tarehe 6, baada ya kikao cha kwanza, shemeji yangu, msimamizi wa jikoni, alisema hataki watu wapate ukurutu. Akafunga ule uzi, akaagiza kikombe cha balozi kirowekwe kila siku kwenye dawa ya vyoo. Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, maana yeye ndiye aliyenitafutia kazi.

Nilikuwa nakisuuza mara tatu. Tarehe 10 mkalimani, naye mmoja wao, alikuja jikoni, akauliza kwa upole, "Mama, mbona kikombe chetu kinanuka?"

Nikamjibu, "Ndiyo harufu ya usafi, mwanangu."

Akashukuru. Baadaye aliniambia amemweleza balozi kwamba tunawaheshimu sana.

Tarehe 13 maji yalikatika saa 2:00 asubuhi. Saa 3:45 balozi aliomba maji ya moto, nami nilikuwa nayo kidogo tu kwenye chupa, hayatoshi kusuuzia. Vikombe vya watu vilikuwa kabatini, vikavu, visafi. Nikanyoosha mkono. Shemeji akanitazama. Nikaurudisha. Kile cha uzi nikakitoa kwenye dawa, nikakifuta kwa kitambaa, nikamimina.

Saa 4:05 balozi alianguka, vidole vyeusi. Mkalimani alikuwa amempakata. Askari walimkamata kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Mmoja wao alisema hawa wanauana wenyewe kwa wenyewe. Kwao, muuaji wa balozi akikabidhiwa, siku haiishi kabla hajauawa.

Shemeji amesema nikija hapa, mimi na kaka yake, mume wangu, tusikanyage kwake. Nimekuja. Kikombe hiki hapa kwenye mfuko, hakijaoshwa.

Hayo nimeyafanya kwa mikono yangu, wala sikutumwa na mtu kuyasema.

Sahihi: (dole gumba)

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Kikombe kimepokelewa kuwa kielelezo. Mtuhumiwa alikabidhiwa kwa wenzake kwenye chombo chao cha angani leo saa 3:00 asubuhi.