Mdogo wangu ametyuni gari la mazishi, na anayeulizwa ni mimi

Mpendwa mshauri,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kabla ya yote naomba msaada wako na uvumilivu wako pia, unisikilize mpaka mwisho hata kama maneno yangu hayajapangika, maana shule mimi sikwenda mbali na kazi yangu ni kushona sare za wanafunzi, mkasi naujua kuliko kalamu, lakini kuna jambo limenikaa kooni na nyumbani siwezi kumwambia mtu kwa sababu aliyelileta ni wa humohumo nyumbani.

Mimi ni mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana. Ni watu wa kawaida tu, wauza mboga, waashi, walinzi, mama wa kufua, na zamani tukifiwa tulikuwa tunakodi gari lolote linalopatikana, tumewahi kumpeleka mwenzetu makaburini kwenye gari la kubebea saruji, jeneza likashushwa jeupe kwa vumbi na mjane akalifuta kwa ncha ya nguo aliyovaa, na siku ile ndipo tulipoambizana kwamba hii aibu basi, tutanunua letu. Mungu akasaidia, tukajinyima, tukanunua jipya kabisa, la dizeli, lina waranti ya kutengenezewa bure likiharibika, na hao hao wakala waliotuuzia ndio waliolitengeneza nyuma pa kuwekea jeneza na viti vya wafiwa pembeni. Siku ya kulipokea tulilizunguka sote tukaweka mikono kwenye bodi tukaliombea, watu wazima wakalia, na aliyeongoza sala ile ni mimi.

Dereva ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mama alipofariki yeye alikuwa bado hajaota ndevu, nikamlea mimi pamoja na wanangu. Mtaani wanamwita Kobe kwa ajili ya mwendo wake, na kwa kazi ile ndio mwendo unaotakiwa, nani anakimbiza maiti?

Sasa mshauri, makaburi yetu yako juu ya kilima, na lile gari tangu mwanzo likifika katikati ya kilima linachoka, linanguruma tu haliendi, wanashuka watu wachache ndipo linajikokota. Hakuna aliyesema ni bovu. Nitakwambia ukweli, tuliona haya mbele za Mungu. Gari tumeliombea hadharani, nani asimame aseme lina kasoro, si itakuwa kama kusema sala zetu hazikufika? Tukasema ni uzito, tukasema ni kilima chenyewe, tukawa tunashuka na kupanda na maisha yanaendelea.

Mpaka siku tuliyokuwa tunamzika mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyewafundisha nusu ya mtaa kusoma. Gari likasimama kabisa pale penye kona, mbele ya vijana wanaoosha magari, nao hawana dogo. Mmoja akapaza sauti, "Kobe, marehemu atafufuka kabla hujafika!" Mwenzake akadakia, "Mwacheni bwana, mwalimu mwenyewe hataki kwenda!" Watu wakacheka, kile kicheko cha kuziba mdomo kwa mkono, hata waliovaa nyeusi walicheka, Mungu atusamehe. Tukashuka wote tukasukuma. Mume wa marehemu, mzee wa kutembelea fimbo, naye akashuka, akamkabidhi mtu fimbo yake, akaweka viganja kwenye mlango wa nyuma akasukuma pamoja na sisi.

Msiba uliofuata, gari lilipanda kilima kile kama linavutwa na malaika. Halikukohoa, halikunguruma. Wanachama walipiga makofi palepale makaburini mpaka tukakumbuka tuko wapi, na mimi nikasimama nikamshukuru Mungu kwa sauti kwamba amesikia. Mdogo wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikadhani ni unyenyekevu.

Likafanya kazi hivyo kwa muda, halafu juzi hapa likazimika nje ya chumba cha maiti, likatoa moshi mzito mpaka wafiwa wakapiga kelele wakidhani kitu kinaungua ndani pamoja na marehemu. Tukamhamishia kwenye gari la kukodi, letu likavutwa kwa wakala. Msimamizi wa gereji yao akanipigia mimi, kwa adabu kabisa, akasema, "Mama mwenyekiti, inaonekana turbo, ile pampu ya kusukumia hewa kwenye injini, imekufa. Kabla hatujafungua injini naomba nikuulize, kuna fundi yeyote wa nje aliyeigusa?" Nikamjibu hakuna ninayemjua, ila nitamuuliza dereva nimpe jibu. Na kweli wakati ule sikujua.

Mdogo wangu akaja chumbani ninaposhonea, akakaa juu ya marobota ya vitambaa.

"Dada, wamekupigia?"

"Wamenipigia."

"Ukawaambiaje?"

"Nimesema nitakuuliza. Haya, nakuuliza."

Akaanza kuokota pini sakafuni. Nikajua kuna jambo, maana yeye hajawahi kuokota kitu chumbani mwangu tangu azaliwe.

"Kuna jamaa mmoja anatyuni magari," akasema. "Ana laptopu, anachomeka waya chini ya usukani, anabadilisha mahesabu ya injini, inavuta hewa zaidi na dizeli zaidi, basi. Hakufungua hata boliti moja, dada. Hata moja!"

"Kwa hiyo hakugusa?"

"Aligusa bila kugusa."

"Usinichezee wewe."

"Sikuchezei. Nisikilize. Anasema yuko tayari kwenda pale kama ndugu yangu, arudishe programu ya kiwandani, haichukui muda, hawatajua kitu. Wewe sema tu kwamba hujui."

"Lakini najua."

"Si nimekwambia sasa hivi? Ungekuwa hujaniuliza usingejua. Jifanye hukuniuliza."

"Na Mungu naye ajifanye hakusikia?"

Akazitazama pini zilizomjaa kiganjani. Halafu akasema neno lililonimaliza. "Dada, yule mzee alimsukuma mke wake mwenyewe kwenda kaburini. Nilimwona kwenye kioo. Sikutaka kuona tena."

Mshauri, nimechanganyikiwa. Nikisema kweli, waranti imekwisha na chama kimebaki na gari bovu kililolinunua kwa kujinyima, tutarudi kwenye malori ya saruji, na mdogo wangu watamfukuza kama mbwa na mkewe ana mimba. Nikisema sijui, watatengeneza, watu watazikwa kwa heshima, lakini mimi nitasimamaje tena mbele ya kaburi kuongoza sala? Mwanachama mmoja, bila kujua kisa chote, ameniambia kampuni ile ni tajiri, turbo moja haiwaumizi. Je, kumdanganya tajiri kwa ajili ya maiti ni dhambi ileile? Msimamizi anasubiri jibu langu na mdogo wangu kila akinipitia ananitazama machoni.

Nisaidie, nimechoka.

Ni mimi, Dada wa Dereva.

*

Dada mwenyekiti,

Pole. Pole kwa gari, pole zaidi kwa wale wafiwa waliohamishiwa marehemu wao nje ya chumba cha maiti, na pole kwa kukaa na hili peke yako. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimhurumia mdogo wako. Mara ya pili nilikukasirikia wewe, na sababu utaiona.

Unaniuliza kama kumdanganya tajiri ni dhambi ileile. Hilo hukuniandikia ili ulijue. Ulikuwa unatafuta mtu wa nje akwambie "sawa", ili ukilala iwe ni neno lake na si lako. Silisemi.

Na hata tukiweka dhambi pembeni, uongo wenyewe ni wa kijinga. Nimewauliza watu wanaofanya kazi hizi. Katika magari mengi ya siku hizi, kompyuta ya gari hubaki na alama kwamba programu ilibadilishwa, na kuirudisha ya kiwandani nako ni kuibadilisha tena, kwa hiyo huyo jamaa akienda kufuta nyayo ataacha nyingine. Turbo nayo ikifunguliwa inaweza kuonyesha jinsi ilivyosukumwa kupita kipimo chake. Leo mna dereva aliyekosea kwa huruma. Huyo jamaa akiingia pale akijiita ndugu, mtakuwa chama kizima kilichofanya udanganyifu, na wakala wana haki ya kuwashughulikia hivyo. Mwambie asisogee kwenye lile gari.

Sasa nikutoe hofu kidogo, kidogo tu. Umeandika kwamba ukisema kweli waranti imekwisha. Nani amekwambia? Kitabu chake kiko wapi, na nani kati yenu amekisoma? Kila waranti ina masharti yake na mengine ni makali, lakini mara nyingi kinachokataliwa ni kile kilichoharibiwa na hayo mabadiliko. Turbo msiitegemee, na sehemu za injini zilizoumia pamoja nayo msizitegemee. Hilo limezeni mapema. Lakini usukani, milango, taa, vitu ambavyo laptopu haikuvifikia, huenda bado vimo. Wakikataa, waombeni waandike kilichoharibika ni nini na kimeharibiwaje na kutyuni. Msikubali kuondoka na "mmegusa, basi kwaherini". Na wakisharekebisha injini, waulizeni waranti inabaki vipi kuanzia siku hiyo.

Haya, hasira yangu. Gari jipya, limetoka mikononi mwa wakala, wao wenyewe wamelitengeneza nyuma kwa ajili ya jeneza, linashindwa kilima tangu mwanzo, na ninyi mnashuka mnasukuma? Siku ile ya kwanza lilipochoka ndiyo siku ambayo waranti ilikuwa inawangoja! Huenda kulikuwa na bomba linalovuja hewa, huenda turbo ilikuja na kasoro, mimi sijui, lakini wao wangelazimika kutafuta na kutengeneza bila ninyi kutoa kitu. Mkanyamaza kwa sababu mmeliombea. Dada yangu, ukimwombea mgonjwa humfungii daktari mlango. Mliomba gari liwafikishe salama, hamkuomba lisikaguliwe. Nani aliyewaambia kwamba kusema "hili bovu, litazameni" ni kumkana Mungu?

Ukimya wenu ulikuwa na uzito, na wote mliuweka mgongoni kwa mtu mmoja, yule aliyeshika usukani. Ninyi mlishuka mkasukuma, yeye akabaki ndani anachekwa. Alikosea kumpelekea mtu baki gari lisilo lake bila kuwaambia, na asitafute pa kujificha kwa hilo. Lakini alikwenda mlango wa nyuma kwa sababu wa mbele mliufunga wenyewe, na wewe uliyeongoza sala ulikuwa wa kwanza kuufunga.

Kwa hiyo ukweli utakaousema uwe mzima, usiwe nusu. Waambieni wakala kwamba gari limetyuniwa. Waambieni pia kwamba lilikuwa dhaifu kabla ya kutyuniwa, na kwamba mashahidi mnao wa kutosha, msafara mzima wa mazishi. Hilo halifuti kosa, ila linawapa sababu ya kutazama walichowauzia, na linawapa ninyi neno la kuombea wabebe sehemu ya gharama. Nimesikia wakala waliokubali walipoambiwa mapema, na nimesikia waliokataa. Siwezi kukuahidi kitu.

Mdogo wako usimkinge. Ulimlea, ukamaliza. Mtu anayetarajia mtoto hasemewi na dada yake. Aende na wewe kwa wakala, aeleze kwa mdomo wake alichofanya na nani alikifanya. Kisha itisha kikao, asimame aseme mbele ya chama kabla wale waosha magari hawajamsemea. Kikao hicho usikiongoze wewe, mwachie makamu wako, na wakati wa kuamua kuhusu kazi yake utoke nje, maana hutaweza kuwa dada na mwenyekiti kwa pumzi moja. Wakimwondoa kwenye usukani, asibishane. Wakimbakiza, liwe agizo kwamba hakuna fundi wa nje atakayechomeka hata waya bila idhini ya kikao. Huyo wa laptopu naye aitwe, aulizwe alimwambia nini kuhusu waranti kabla ya kufanya kazi ile. Nina wasiwasi kwamba hakumwambia lolote.

Lakini kabla ya hayo yote, mwite Kobe mkae wawili tu, umwambie kwamba ulisikia alichosema kuhusu yule mzee. Barua yako nzima haionyeshi mahali ulipomjibu.

Wakifiwa wenzenu katikati ya haya, kodini gari. Marehemu hataona aibu, na ninyi mtavumilia.

Haya mengine yanaweza kungoja kesho. Leo kuna simu moja tu. Usimwachie dereva aipige, usimwachie katibu, na usingoje mpaka roho itulie, kwa sababu haitatulia. Aliyeulizwa ni wewe, na uliahidi kumpa jibu. Mpigie yule msimamizi kabla hajafungua injini.