Tovuti Kumi na Moja Zinaitosha Kibiti

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, stendi yote tope, na mimi nimenuna.

Tuelewane kwanza. Kuanzia Mloka kwenye tembo mpaka Kiongoroni kwenye mikoko, hakuna binadamu anayeijua kompyuta kunishinda mimi. Wenye digrii wapo, nawaheshimu. Wakikwama wananifuata mimi, niliyeishia kidato cha pili.

Nafanya kazi kwenye steshenari ya Mama Zuhura. Kopi, picha za pasipoti, fomu za mtandaoni. Kompyuta ni moja, sisi wawili: mimi na kaka Shabani, aliyenizidi miaka kumi na akili hajanizidi hata ya siku moja.

Simu ya kaka Shabani ilipasuka kioo tangu Ramadhani, siku hizi inapiga na kupokea tu, kwa hiyo mikeka yake yote ya mpira anaibetia kwenye kompyuta ya kazi. Mteja kasimama na cheti cha mtoto mkononi, yeye anachambua timu za Uturuki. Nilimsema. Akanijibu, "Dogo, mpira ni sayansi, na wewe shule uliikimbia."

Haya.

Wiki iliyopita nikamjibu kwa vitendo. Kufunga tovuti moja moja ni kazi ya wanaojifunza. Ukifunga hii anahamia ile. Mimi niliigeuza. Niliorodhesha tovuti kumi na moja ambazo watu wa hapa wanazihitaji, za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya mitihani na kadhalika, kisha nikaweka ukuta, nikaifunga dunia iliyobaki. Ukiandika anwani nyingine yoyote, kompyuta inakupeleka kwenye ukurasa niliouchora kwa mkono wangu: picha ya pasipoti ya kaka Shabani, ile aliyofumba jicho moja, na chini yake maandishi mekundu, KAKA SHABANI, MTEJA YUKO MLANGONI. Paswedi ninayo peke yangu.

Nilicheka mpaka nikailalia mashine ya kopi.

Na ilifanya kazi, wallahi. Foleni ikawa inakwisha kabla ya adhuhuri. Mama Zuhura mwenyewe aliniuliza, "Mwanangu, huyu Shabani umempa dawa gani?"

Leo mama huyo huyo ananiambia nikautoe ukuta wangu mbele ya macho yake, nimwombe kaka Shabani radhi, la sivyo Jumatatu nisirudi. Radhi! Kwa mtu aliyekuwa anabeti saa za kazi?

Yote ni kwa sababu ya Mwanaidi.

Mwanaidi ni msichana wa Kiongoroni, amechaguliwa chuo cha uuguzi. Jana Ijumaa, saa kumi jioni, ndiyo ilikuwa mwisho wa kuthibitisha nafasi mtandaoni. Asiyethibitisha, nafasi yake anapewa mwingine. Kwao mtandao unashika siku unayopenda wenyewe, na simu yake ni ya kitochi, haina intaneti, basi akaja na baba yake kwa boti mpaka Nyamisati, halafu bodaboda mpaka kwetu. Wakafika saa nne. Mimi nilikuwa nimetumwa Ikwiriri kufuata wino.

Kaka Shabani akaandika anwani ya chuo. Ikatokea sura yake. Akaandika tena. Sura yake, jicho moja. Tovuti ya chuo kile haikuwemo kwenye zile kumi na moja. Mimi ndiyo kwanza naisikia.

Steshenari ya jirani ilikuwa imefungwa, mwenyewe yuko msibani Mbwara. Wakaningoja. Baba yake Mwanaidi akawa anatoka nje kila mara kutazama jua, maana boti inafuata maji, na yakishapwa vijito vinabaki matope matupu. Saa saba ikabidi waondoke. Walimwachia kaka Shabani karatasi yenye namba zote, za fomu na ya simu, naye akamwambia binti, "Dogo akifika tu, hata hajakaa, tunakujazia."

Nilifika saa kumi na moja.

Sasa niambieni, kosa langu liko wapi? Wino nilitumwa. Ukuta uliwekwa kwa ajili ya mtu mmoja na tabia zake. Chuo nacho, kwa nini kingoje mpaka siku ya mwisho ndiyo watu wa kisiwani wapate habari? Nitakiongeza kwenye orodha, ziwe kumi na mbili, lakini ukuta siutoi. Mama Zuhura akitaka kunifukuza anifukuze, tuone nani atamwashia hiyo kompyuta ikigoma.

Asubuhi nimejaribu kuijaza ile fomu. Imeandika muda umekwisha. Nimewaandikia chuo barua pepe tatu. Mbili zilikuwa na jeuri. Ya tatu niliomba.

Mama Zuhura aliniuliza jana kwa nini sikupatikana. Nikamwambia simu ilizima chaji. Kaka Shabani alikuwa pale pale, akanitazama, kisha akaikunja ile karatasi ya Mwanaidi.

Simu ilikuwa na chaji. Wino niliupata tangu saa tano. Nilikuwa nimekaa banda la chipsi pale Ikwiriri nawahadithia washkaji habari ya ile picha, na simu ikaita: kaka Shabani. Nikaigeuza waione. "Mnaona? Mtu na mkeka wake, anaomba afunguliwe!" Tukacheka. Ikaita tena. Nikaiacha iite juu ya meza, mara sita, na kila ikiita tukacheka zaidi.

Ya saba ilikuwa namba nisiyoijua. Nikajua kaazima simu ya mteja ili anitege. Ndipo nikaizima.

Leo nimeilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Ni namba ya Mwanaidi.