Karani, Mbwa Uliyeniachia

Ndugu yangu Mwita,

Habari za huko sikuulizi, maana hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kujibu barua. Mimi Mama Akinyi wa hoteli ya chai hapa Rodi Kopany bado nipo. Ng'ombe wa kwenu siku hizi wanapita juu ya lori. Wanaoswagwa kwa miguu kutoka Kegonga ni wachache. Chai yangu wananunua madereva, na madereva hawana hadithi.

Nakuandikia kwa ajili ya Karani. Ulipozidiwa na kikohozi ukapanda gari la kurudi kwenu, ulinishika mkono ukasema, "Mama Akinyi, angalia hii mbwa mpaka nirudi." Nikakubali. Kisha wachungaji wenzako wakaja na habari za msiba, nikalia mpaka maziwa yakamwagika motoni. Karani hakuambiwa. Nani angemwambia?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako nimemlisha miaka, na jembe hajaligusa! Kazi yake ni ile iliyokufanya umwite Karani: kukagua ng'ombe mmoja mmoja. Kila siku ya soko alilala mlangoni akiangalia barabara ya kutoka kwenu.

Sasa ana uvimbe tumboni, mkubwa kama kibuyu. Bwana mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe alimpapasa, akatikisa kichwa. "Mama, hii haina dawa. Niko na sindano ya kumlaza asiamke tena. Wewe ndiye utasema siku."

Mimi niseme siku? Nami nilikuahidi mpaka urudi? Nikamwambia angoje. Majirani wakanicheka, ati nalea mbwa wa Mkuria kama mjukuu. Nikaona baridi inamtesa, nikahamishia gunia lake jikoni karibu na moto, nikidhani natenda wema. Akakataa hata mchuzi wa samaki, ngege. Nilipolirudisha mlangoni, akala.

Hapo nikamkumbuka yule fahali aliyelala hapa njiani. Vijana wako walitaka kumchapa, ukawazuia. "Ng'ombe ikikataa kuangalia njia, usipige. Hiyo imefika." Ukakaa naye mpaka mwisho, chai yako ikapoa. Basi nikajua ninangoja nini.

Jana ilikuwa siku ya soko. Ng'ombe wa Kegonga walipita kwa miguu, kengele zikilia, wachungaji wakipiga mluzi kama wako. Sikio la Karani lilitikisika, lakini kichwa hakuinua. Aliniangalia mimi, akaweka kidevu juu ya mguu wangu. Niliumia, Mwita. Nimemwita bwana mifugo. Atakuja kesho asubuhi.

Nitamshika kichwa mwenyewe. Lile neno la Kikuria ulilokuwa ukimwambia jioni, ng'ombe wote wakishaingia zizini, la kumpa ruhusa alale, nimelishika, ingawa ulimi wangu wa Kijaluo unalivunjavunja. Nitamwambia hilo. Atazikwa kando ya barabara, na kamba yake ya shingo nitampelekea mke wako huko Kegonga, kwa mkono wangu. Hiyo nakuahidi, na ile ahadi ya kwanza nadhani unaona nimeitimiza kadiri nilivyoweza.

Kwaheri, ndugu yangu. Ulisema nimwangalie mpaka urudi. Wewe hukurudi, basi anakuja yeye. Sasa mwangalie wewe.

Mama Akinyi